Panorama ya ziwa kwa simu inanishinda, nataka ya kumwekea mzee ukutani

binti_baharia

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wenu nimehangaika wiki ya tatu sasa.

Baba yangu alikuwa baharia, karibu miaka yote ya kazi yake ilikuwa kwenye meli za Ziwa Victoria, Mwanza kwenda Nansio, Ukerewe. Sa hivi yuko Dodoma kwa dada yangu mkubwa, miguu haimbebi tena, anashinda kitandani, na kila nikipiga simu kabla hata hajaulizia wajukuu anaulizia ziwa limeamkaje. Dodoma ukifungua dirisha unaona vumbi na mibuyu, maji hakuna. Sasa nimepanga nimpigie picha moja ndefu, ile ya panorama, yenye Jiwe la Bismarck la hapa Mwanza na kisiwa cha Saanane na ghuba yote kwa nyuma, niiprinti iwekwe ukuta unaotazamana na kitanda chake. Mwenyewe alikuwa anatuambia tukiwa wadogo, nikiliona lile jiwe nikitoka Nansio najua nimefika nyumbani.

Nimeshaenda pale Bismarck mara 2 na Capri Point mara 1, zote jioni baada ya kazi. Simu yangu ni Samsung ya kawaida tu, zile za A. Matatizo yangu ni haya, kwanza mstari wa maji unajipinda, pembeni umeinuka katikati umezama, yani kama kamba ya kuanikia nguo iliyobeba blanketi bichi. Halafu jiwe lenyewe limekatika, kichwa kimesogea kushoto shingo imebaki kulia. Halafu upande mmoja giza upande wa pili mweupe kabisa kama karatasi. Na kuna mtumbwi ulikuwa unapita ukatokea mrefu kama treni, mwingine umetokea nusu tu, watu wawili mbele na nyuma hakuna kitu.

Je ni simu yangu haifai ninunue nyingine au kuna namna? Pesa ya simu mpya sina lakini kama ndo njia pekee nitajibana. Natanguliza shukrani.

Ngosha_wa_Kirumba

Dada usinunue simu. Nenda asubuhi. Jioni pale unapiga ukiangaliana na jua uso kwa uso, ghuba iko magharibi ya mji na jua linazama hukohuko, lazima upande mmoja uungue. Asubuhi jua linatoka nyuma yako juu ya milima ya mjini linamulika maji yote sawasawa.

Na upepo. Mimi nimekulia mwaloni kwa wavuvi, usiku mpaka asubuhi upepo unatoka nchi kavu unaenda ziwani, kwahiyo maji ya pembeni yanatulia kama mafuta. Ikifika saa 5 saa 6 mchana unageuka, unatoka ziwani unakuja nchi kavu na mawimbi nayo yanakuja nao. Muulize mzee wako atakwambia hivyohivyo. Saa 1 na nusu asubuhi uwe umeshasimama pale.

fundi_picha_nyamagana

Dada pole kwa mzee, na hongera kwa wazo, hilo ni wazo zuri sana. Mimi napiga picha za harusi na vipaimara hapa Mwanza na panorama za ziwa nimepiga nyingi sana kwa simu, tena simu ya chini kuliko hiyo yako. Simu yako haina tatizo. Nisamehe nitaandika kirefu maana kila tatizo ulilotaja lina sababu yake na ukiijua sababu hutarudia.

Kwanza elewa simu inafanya nini. Panorama sio picha moja. Unapogeuka simu inachukua vipande vingi vyembamba vya wima kimoja baada ya kingine na inavishona palepale, kama fundi nguo anavyounga vitambaa. Ili ivishone inatafuta alama zinazofanana kati ya kipande na kipande, mti, jiwe, paa la nyumba. Sasa maji matupu na anga tupu havina alama, na mawimbi yanahama kila sekunde, kwahiyo ukielekeza simu kwenye maji peke yake inakisia tu na ndo maana mstari wa maji unakuwa na ngazi ngazi. Hakikisha kila sehemu ya picha yako kuna kitu kigumu kisichotembea, kisiwa, mwamba, ufukwe wa ng'ambo hata kama ni mwembamba.

Sasa jiwe kukatika. Hapa ndo watu wengi wanalaumu simu bure. Fanya hivi sa hivi hapo ulipo, nyoosha kidole gumba mbele ya pua, fumba jicho la kushoto, fumbua, fumba la kulia. Umeona kidole kinavyoruka lakini ukuta wa nyuma umetulia? Ndo kinachotokea. Wewe umenyoosha mikono mbele umeshika simu, halafu unageuka mwili mzima, simu inatembea kwenye duara kubwa, labda nusu mita nzima. Kwa kisiwa kilicho mbali hiyo nusu mita sio kitu, ila kwa jiwe lililo karibu au ile miti na vyuma vya pale ufukweni, kila kipande kinaliona jiwe kutoka sehemu tofauti, vikishonwa havikutani. Dawa yake ni simu ndo iwe mhimili na wewe ndo uizunguke, sio wewe uwe mhimili simu ikuzunguke. Yani lenzi ibaki palepale hewani inageuka tu, miguu yako ndo inahama nyuma yake kidogo kidogo.

Kuna njia ya uzi. Chukua uzi wa kushonea, funga nati ndogo ya baiskeli chini, juu ufunge kwenye simu karibu na ilipo lenzi, urefu uwe unafika karibu na ardhi bila kugusa. Weka kizibo cha soda chini. Ukiwa unageuka hakikisha nati inabaki juu ya kizibo wakati wote. Mara ya kwanza utaona kama kazi ya mazingaombwe ila jaribu nyumbani mara 5, mkono unazoea. Nilipoanza kutumia uzi mambo ya mawe kukatika yaliisha kabisa.

Mstari kujipinda: unainamisha simu. Capri Point uko juu, maji yako chini, kwahiyo mkono wenyewe unaelekeza simu chini ili kupunguza anga. Usifanye hivyo. Simu isimame wima kama mlango, anga likiwa kubwa liache, utalikata baadae. Washa ile mistari ya gridi kwenye setingi za kamera upange picha yako kwa kuiangalia hiyo, na ukianza kuzungusha fuata ule mstari wa mwongozo unaotokea kwenye kioo, mstari wa maji ubaki urefu uleule mwanzo mpaka mwisho.

Giza na weupe: simu nyingi zinapima mwanga pale unapoanzia. Ukianzia kwenye kivuli upande wa jua utaungua, ukianzia kwenye jua upande mwingine utakuwa usiku. Anzia sehemu yenye mwanga wa wastani. Wenye iPhone wanaweza kubonyeza kioo na kushikilia mpaka itokee alama ya njano kwamba mwanga umefungwa, ndo waanze. Lakini ukienda asubuhi kama alivyosema Ngosha tatizo hili linapungua lenyewe.

Na jambo la mwisho, usigeuke nusu duara nzima. Ziwa lina kilomita za mraba kama 68,800, hutaliingiza lote kwenye ukuta wa chumba cha mzee. Robo duara na kidogo inatosha sana. Ukizidisha kila kitu kinakuwa kidogo, jiwe ambalo ndo moyo wa picha yako linabaki kama punje.

Jamaa_wa_Lumumba

Mimi naongezea, vaa miwani ya jua ile inayokata mng'ao halafu shika kioo chake mbele ya lenzi ya simu, maji yanakuwa ya bluu na mng'ao unapotea kabisa. Nimejaribu inafanya kazi.

fundi_picha_nyamagana

@Jamaa_wa_Lumumba kwa picha ya kawaida uko sahihi kabisa kaka, hata mimi natumia. Ila kwa panorama usithubutu. Ile miwani inakata mwanga kulingana na pembe ya jua, na kwenye panorama pembe inabadilika kadiri unavyogeuka, matokeo yake anga linakuwa na doa kubwa la bluu iliyokolea katikati na pembeni limepauka. Halisafishiki. Dada asitumie hiyo.

msee_wa_dunga

Salamu kutoka Kisumu. Nimesoma hii mada yote na lazima nichangie kwa sababu hata sisi tuko na hili ziwa na shida ni zilezile.

Mimi hupiga sana pale Dunga na Hippo Point jioni, najua mmesema asubuhi ni poa na ni ukweli, lakini kama mtu anataka rangi za machweo kuna njia. Usipige wakati jua bado liko juu ya maji. Ngoja lizame kabisa, halafu hesabu dakika kama 10 hivi. Hapo mwanga unakuwa umesambaa angani pote, hakuna upande unaochoma, na rangi ndio zinakuja zenyewe, machungwa, waridi, zambarau. Lakini usilale, huku kwetu karibu na ikweta giza huingia haraka sana, ukichelewa simu inaanza kuchukua polepole na panorama yote inatoka na ukungu. Uko na dirisha fupi tu.

Kitu ingine ni magugu maji. Hapa ghuba ya Winam yametusumbua tangu miaka ya 90, kuna siku unaamka unapata maji yote yamekuwa kijani unaweza dhani ni uwanja wa mpira. Ukipiga panorama wakati upepo unayasukuma, yanahama ukiwa katikati ya kugeuka na kwa picha yanatokea yamekatwa kama keki. Kwa hivyo angalia kwanza yanaelekea wapi. Mimi huenda nasimama hapo dakika tano naangalia tu kabla hata sijatoa simu mfukoni.

Mwambie mzee wako wavuvi wa Dunga wanamsalimia.

binti_baharia

Asanteni sana jamani, sikutegemea kupata majibu ya namna hii. @msee_wa_dunga salamu nimezifikisha kwa simu, ameuliza kama bado mnauza mbuta, yani sangara, Kisumu, nikamwambia bila shaka.

@fundi_picha_nyamagana nimejaribu kile kidole mbele ya pua nikaelewa palepale. Uzi nimepata, nati nimeomba kwa fundi baiskeli. Swali langu, na mitumbwi je? Maana mzee nimemuuliza unataka nini kwenye picha bila kumwambia ni ya nini, akasema ziwa bila chombo ni bwawa. Nataka chombo kiwepo. Nikisubiri mpaka kusiwe na mtumbwi picha itakuwa tupu.

fundi_picha_nyamagana

Swali zuri. Mtumbwi unaotembea upande uleule unaogeukia unarefuka, maana kila kipande simu inaukuta tena. Unaotembea kinyume na wewe unafupishwa, unatokea umebanwa au umekatika. Kwahiyo una njia 2. Kama mtumbwi uko mbali usihangaike, mwendo wake kwenye picha ni mdogo hautaonekana. Kama uko karibu, basi huo mtumbwi ndo uwe mwanzo wa picha yako. Mfano unaelekea kushoto, subiri uwe wote ndani ya kioo, bonyeza, halafu geuka kulia. Unakuwa umeshanaswa mzima kwenye vipande vya mwanzo na simu inaondoka haitaukuta tena. Mitumbwi iliyotia nanga haina shida, inayumba kidogo tu, na asubuhi maji yakitulia hata kuyumba haiyumbi.

Asubuhi pia utapata mitumbwi ya dagaa inarudi na taa zake bado zimening'inia.

Ngosha_wa_Kirumba

Taa sa hivi wengi ni za sola, zamani ilikuwa karabai. Mzee akiona taa za sola atashangaa kidogo.

Angalizo lingine, kuna asubuhi utaona kama moshi mweusi unapanda juu ya maji huko mbali, nguzo nguzo. Sio moshi, ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka majini kwa wingi. Wakiwa mbali wapige, ni kitu kizuri na mzee atakifurahia maana baharia yeyote anakijua. Wakiwa wanakuja upande wako funga mdomo na ufunike lenzi, wakishaganda kwenye kioo cha lenzi picha yote inakuwa na vidoa.

Mhaya_wa_Custom

Nachangia kwa faida ya wasomaji wengine. Hayo ya asubuhi ni ya Mwanza na Kisumu. Sisi Bukoba ziwa liko mashariki, jua linatoka majini, kwahiyo kwetu ni kinyume, asubuhi unaungua na jioni jua liko mgongoni ndo muda wako. Na wa Kigoma, Ziwa Tanganyika liko magharibi yao kwahiyo wao wafuate ya Mwanza, na wale wana bahati maana ng'ambo kuna milima ya Kongo, mstari wa juu unakuwa na umbo sio mstari mtupu, simu inashona vizuri. Kabla ya kwenda popote jiulize tu jua linatoka wapi na ziwa liko wapi.

Binti baharia na mimi baba yangu alisafiri sana kwa meli Bukoba Mwanza miaka hiyo. Kila la heri.

kijana_wa_Sengerema

Wakuu nadandia humuhumu. Mimi nataka kupiga lile daraja jipya la Kigongo Busisi, Daraja la Magufuli, lilifunguliwa Juni 2025 lina kilomita 3. Nilisimama karibu yake pembeni nikageuza simu kutoka mwanzo mpaka mwisho, daraja limetoka kama upinde wa mshale. Na sijainamisha simu nimeshika wima kabisa. Sisi tuliovuka pale kwa kivuko miaka yote hilo daraja tunalipenda sana sasa kuliona limejikunja inauma.

fundi_picha_nyamagana

Hapo hujakosea kushika, umekosea pa kusimama. Panorama ya simu ni kama umefunga karatasi kuzunguka mwili wako ukachora ulichokiona halafu ukaikunjua. Kitu kilichonyooka kinachopita mbele yako, kikiwa juu ya usawa wa macho yako, katikati kiko karibu na wewe na ncha ziko mbali, kwahiyo katikati kinaonekana kikubwa kimeinuka na ncha zimeshuka. Mstari wa maji wa mbali wenyewe uko sawa na macho ndo maana unanyooka. Daraja lirudie ukiwa mbali sana, panda mlima wowote upande mmoja, ligeukie kwa pembe ndogo, litanyooka. Au simama karibu na mwanzo wake ulipige likiwa linaenda mbali na wewe, hiyo hata picha ya kawaida inatosha na inapendeza.

binti_baharia

Wakuu nimerudi na ripoti.

Jumamosi niliamka saa 11 alfajiri, usiku mvua ilikuwa imenyesha, nikasema leo hewa itakuwa safi. Kweli, lile vumbi na ukungu wa kiangazi hakuna, milima ya ng'ambo inaonekana mpaka miti. Saa 1 na dakika 20 nilikuwa nimesimama pale karibu na Bismarck. Nilitafuta sehemu ambayo mbele yangu hakuna chuma wala tawi, nikaweka kizibo changu cha Fanta chini, nikafuta lenzi kwa pamba, nikaning'iniza uzi wangu. Watu wanaopita kwenda kazini walikuwa wanasimama kuniangalia, mama mmoja muuza uji akaniuliza mwanangu unapima kiwanja? Nikamweleza ni kwa ajili ya baba, akaweka ndoo chini akasema basi mimi nitakuangalizia nati, wewe angalia kioo. Tukafanya hivyo. Ananiambia rudi nyuma kidogo, mguu wa kushoto, hapohapo, twende. Mara ya kwanza niligeuka haraka simu ikalalamika. Ya pili nikashusha mkono mwishoni. Ya tatu ukaja mtumbwi, unaelekea kushoto, taa zimening'inia kama alivyosema fundi, nikasubiri umeingia wote nikabonyeza nikageukia kulia polepole, pumzi nimeibana. Nilipoangalia nilikaa chini kabisa. Mtumbwi mzima, watu 4, mmoja amesimama. Jiwe zima, halijakatika popote, hata yale madoa meupe ya ndege yanaonekana. Saanane kule. Maji yamenyooka kama rula.

Sasa shida imekuja kwenye kuprinti. Nilituma kwa WhatsApp kwa mtu mmoja wa duka la stationery, akaniprintia nikalipa, nilipoifungua imejaa ukungu, jiwe limekuwa kama doa la kahawia. Anasema picha yangu ndo mbovu. Kwenye simu ninaivuta naona mpaka kamba ya mtumbwi. Nifanyeje?

fundi_picha_nyamagana

Hongera sana dada!! Na huyo mama muuza uji Mungu ambariki.

Picha yako sio mbovu. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaikamua ili iende haraka, na panorama ndo inaumia kuliko zote maana ni ndefu, ikipunguzwa urefu na kimo kinapungua vilevile mpaka kinabaki kamba. Fungua picha kwenye simu angalia taarifa zake, ina pikseli ngapi kwa ngapi, yani vile vidoti vinavyounda picha. Halafu angalia ile iliyofika kwake.

binti_baharia

Ya kwangu ni 9000 kwa 2400. Iliyofika ni 1600 kwa 427. Jamani!

fundi_picha_nyamagana

Umeona. Aliprinti kivuli. Usitume kama picha, tuma kama dokumenti, inaenda ilivyo. Au bora zaidi nenda na waya au flashi umpe mkononi.

Ukubwa wa ukutani unaupata hivi, gawanya pikseli kwa 200, yani pikseli 200 kwa kila inchi. 9000 gawa kwa 200 ni inchi 45, na 2400 gawa kwa 200 ni inchi 12. Yani karibu futi 4 kwa futi 1, na hapo mzee akisogelea ataona kila kitu. Ukitaka kubwa zaidi gawanya kwa 150 upate inchi 60 kwa 16, kwa mtu anayeiangalia kutoka kitandani hatua tatu nne hivi bado ni safi. Mimi ningechagua hiyo ya 60. Waprinti wa mabango wana karatasi za roli pana, ulizia kanvasi, usichukue ile ya plastiki inayong'aa maana mwanga wa dirishani utapiga hapo na mzee hataona kitu. Na mwambie asivute picha ijae fremu, akate anga kidogo juu kama ni lazima, pembeni asiguse.

Siku nyingine ukitaka kubwa kuliko hiyo, piga picha za kawaida 7 au 8 simu ikiwa wima, kila moja ishike theluthi ya iliyopita, na mwanga uufunge kwenye ile sehemu ya kamera ya kupanga mwenyewe. Halafu kwenye kompyuta kuna programu ya bure inaitwa Hugin inaziunga. Kazi yake ni ndefu ila inatoa picha kubwa sana. Kwa sasa hii uliyonayo inatosha.

msee_wa_dunga

Tunangoja kusikia mzee amesema nini. Usitusahau.

binti_baharia

Wakuu, imeshafika Dodoma na imetundikwa jana jioni, kanvasi, inchi 60 kwa 16. Shemeji alipiga misumari wakati mzee amelala, asubuhi dada akafungua pazia akanipigia simu ya video.

Aliangalia muda mrefu hajasema kitu. Kisha akaomba wamsogeze, akanyoosha mkono akagusa lile jiwe, akateremka na kidole mpaka kwenye maji. Akasema hii ni asubuhi, upepo bado wa nchi kavu, mvua ilinyesha usiku. Mimi sikuwa nimemwambia kitu chochote kuhusu siku hiyo. Akahesabu watu kwenye mtumbwi, akasema huyu aliyesimama asimame vizuri ataanguka. Taa za sola aliziulizia kweli @Ngosha_wa_Kirumba, nikamweleza, akasema karabai ilikuwa na joto, usiku wa baridi mlikuwa mnaota.

Halafu akauliza, meli ya Nansio iko wapi hapa? Nikamwambia baba saa hiyo ilikuwa haijapita. Akasema basi simama palepale lakini uijue saa yake ya kupita, itatokea upande wa kulia.

Nimeshaulizia ratiba. @fundi_picha_nyamagana meli kubwa hivyo ikiwa inatembea kuelekea kushoto na iko karibu na jiwe, nianzie kwayo vilevile kama mtumbwi au kuna namna nyingine? Nakwenda Jumamosi hii.

fundi_picha_nyamagana

Anzia kwayo hivyohivyo, iwe yote ndani ya kioo, ugeukie kulia. Ila jiwe nalo lisibaki nyuma, simama hatua kama 20 kushoto ya ulipokuwa ili meli ikifika lilipo jiwe wewe ndo unaanza. Nitakuwepo Jumamosi, nakuja na uzi wangu. Mwambie mama wa uji atuwekee vikombe viwili.